Simba kama Mshukiwa wa Kwanza: Filamu ya Fumbo na Nyika za Meru

Jioni ya tarehe 3 Januari 1980 Joy Adamson alitoka kambini mwake katika Hifadhi ya Shaba, wilayani Isiolo, kwa matembezi yake ya kila siku, asirudi. Msaidizi wake alipoukuta mwili njiani, dhana iliyomjia ilikuwa ya simba, na dhana hiyo ndiyo iliyosafiri kwa redio na magazeti ya dunia nzima: mlezi wa Elsa ameuawa na simba. Baadaye uchunguzi wa majeraha ulionyesha kwamba yalikuwa ya silaha yenye makali, si ya makucha wala ya meno. Simba akatoka kizimbani. Kijana wa Kiturkana aliyewahi kumfanyia marehemu kazi, Paul Ekai, akashtakiwa, na mwezi Oktoba 1981 akapatikana na hatia ya kuua. Majivu ya Joy Adamson yalizikwa Meru, katika makaburi ya simba jike Elsa na duma Pippa, ndani ya mbuga iliyopata umaarufu wake kwa vitabu vyake na kwa filamu zilizotokana na vitabu hivyo.

Aliyezoea filamu za fumbo atalitambua mara moja umbo la kisa hiki. Pana maiti mahali pa upweke. Pana jibu la kwanza ambalo kila mtu analikubali kwa sababu linapendeza. Pana jeraha linalolikanusha jibu hilo. Pana mshukiwa, ungamo, na shaka juu ya ungamo. Mtunzi angeyabuni haya yote angeshutumiwa kwa kupanga mambo kupita kiasi. Hata hivyo filamu zilizolijenga jina la Adamson hazikukigusa kisa kwa namna hiyo. Makala haya yanadai kwamba jambo hilo halikutokea kwa bahati tu. Utanzu wa filamu ya fumbo hupimwa kwa mambo mawili kabla ya kupimwa kwa ufundi wa msuko wake: ni nani anayeruhusiwa kushukiwa, na ni maiti ya nani inayostahili kupelelezwa. Filamu zilizotumia nyika za Kenya kama mandhari zimeyajibu maswali hayo mawili kimyakimya, kabla mpelelezi hajaingia jukwaani.

Filamu ya fumbo ilizaliwa karibu pamoja na sinema yenyewe. Sherlock Holmes alionekana kwenye picha inayosonga mnamo mwaka 1900, katika kipande kisichofika dakika moja, akichezewa shere na mwizi anayetokea na kutoweka kwa hila ya kamera. Katika kipande hicho kamera inasaidia kuficha, wala haimsaidii mpelelezi kuona. Mvutano huo kati ya kufichua na kuficha ndio uliouendesha utanzu kwa miaka iliyofuata. Katika The Maltese Falcon ya John Huston (1941) mpelelezi anafumbua, lakini ufumbuzi haumwachi akiwa msafi. Katika Rashomon ya Akira Kurosawa (1950) kifo kimoja kinasimuliwa na mashahidi wanaopingana, akiwemo marehemu mwenyewe, na hakuna sauti iliyowekwa juu ya nyingine. Kufikia Chinatown ya Roman Polanski (1974) mpelelezi anapata ukweli wote, na ukweli huo haumfai mtu yeyote. Mwaka 1966 Michelangelo Antonioni alitoa Blow-Up, ambamo mpiga picha anaona maiti ndani ya picha yake kisha anaipoteza, na fumbo linabaki bila jibu. Mwaka huohuo wa 1966 ilitoka Born Free.

Kabla ya kuifikia filamu hiyo, yafaa kutazama fasihi ya Kiswahili, maana ndiyo iliyolitangulia tatizo hili kwa uwazi zaidi. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, inaanza na maiti inayopatikana penye mzimu. Jibu la kwanza la watu liko tayari, nalo linakata mazungumzo: mahali hapo panatisha, na aliyekufa hapo amekufa kwa sababu za mahali hapo. Bwana Msa hapotezi muda kubishana kuhusu kuwapo au kutokuwapo kwa mizimu. Anauliza tu ni nani anayenufaika watu wakiogopa. Wahakiki wengi wamemwona Bwana Msa kama mtoto wa Holmes, kwa sababu ya kiko chake na utulivu wake, na kwa upande wa fani ulinganisho huo una msingi. Kwa upande wa maudhui unaficha jambo kubwa zaidi. Holmes hurudisha utaratibu uliovurugwa na mhalifu. Bwana Msa hukirudisha kifo kwa wanadamu, baada ya wanadamu kukitupia kwa mzimu. Kazi hiyo ya pili ni ya kwetu, na ndiyo ambayo filamu ya fumbo nchini Kenya ilipaswa kuirithi. Katika masimulizi ya nyika za Kenya, nafasi ya mzimu imechukuliwa na simba. Simba anaweza kuua kweli, kama kila mkazi wa Tigania au wa Tharaka ajuavyo. Tatizo ni kwamba akishatajwa hakuna swali jingine linaloulizwa.

Born Free, iliyoongozwa na James Hill, inaanza na mauaji. Mwanamke anafua nguo mtoni. Simba anamvamia na kumwua. George Adamson, ofisa wa wanyamapori, anatumwa kumsaka mla watu huyo. Katika msako huo simba jike naye anapigwa risasi, na watoto wake watatu wanabaki yatima. Mmoja wao ni Elsa. Kuanzia hapo filamu inakuwa kisa cha malezi na cha kuachiliwa, na muziki wa John Barry, uliopata tuzo ya Oscar, unamwongoza mtazamaji alie panapopaswa kulia. Mwanamke wa mtoni hatajwi tena. Hatujui jina lake, ukoo wake, wala ni nani aliyezianua nguo alizokuwa akifua. Yafaa kukumbuka kwamba katika kisa halisi alichokisimulia Joy Adamson, msako ulitokana na kifo cha mwanamume wa Kiborana. Filamu ilibadili maiti, ikachagua picha yenye nguvu zaidi kwa macho, na baada ya kuitumia ikaiacha.

Huenda msomaji akapinga kwamba Born Free si filamu ya fumbo, na kwamba kuilaumu kwa kutopeleleza ni sawa na kulaumu utenzi kwa kukosa mazungumzo ya jukwaani. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linakosa shabaha. Filamu hii ilifunza hadhira ya dunia namna ya kuitazama sehemu hii ya Kenya. Ilipigwa Naro Moru, upande wa magharibi wa Mlima Kenya, yaani ng'ambo ya mlima kutoka Meru na Embu. Kwa hiyo hata mandhari ambayo watazamaji wanadhani ni ya Meru si ya Meru. Ndani ya mandhari hayo ya kukopa iliwekwa ngazi ya huruma. Juu yuko simba mwenye jina. Chini yake wako Bwana na Bi. Adamson, chini zaidi wako Nuru na Makedde, watumishi, ambao wana majina lakini hawana nyumba, hawana mshahara, hawana ugomvi, wala hawana siku ya mapumziko. Nuru analea, anabeba, anashangaa. Wahusika hawa hawakuchorwa kwa ubaya, na wachezaji wake waliwapa uchangamfu ambao hati ya filamu haikuwapa. Tatizo ni kwamba hawakupewa sababu ya kutenda jambo lolote. Mhusika asiye na sababu hawezi kuwa mshukiwa wala shahidi.

Miaka kumi na minne baadaye kifo kilipotokea Shaba, msamiati ulikuwa umeshaandaliwa. Hadhira ilimjua simba, ilimjua mwanamke aliyempenda simba, na ilikuwa tayari kuamini kwamba mmoja amemwua mwingine; kulikuwa na mvuto wa tanzia katika jibu hilo. Hadhira haikumjua mtu mwingine yeyote aliyeishi kambini. Ndiyo maana, simba alipoondolewa lawama, jibu la pili lilionekana kama ajali ya kushusha hadhi. Magazeti yalimtaja mtumishi aliyefukuzwa kazi kana kwamba sentensi hiyo ilikuwa maelezo kamili.

Hapa kanuni ya zamani ya utanzu inasaidia kuliona tatizo. Mwaka 1928 mwandishi wa Marekani S. S. Van Dine alitoa kanuni ishirini za kisa cha upelelezi, na mojawapo inakataza mtumishi kufanywa mhalifu. Sababu anayoitoa ni kwamba huo ni ufumbuzi rahisi mno. Mhalifu sharti awe mtu wa kustahili. Kanuni hii husomwa mara nyingi kama adabu ya fani tu: mtunzi asimdanganye msomaji kwa kumtoa pembeni mtu ambaye hakumtambulisha. Lakini ina kauli ya kitabaka ndani yake. Mtumishi ni ufumbuzi rahisi kwa kuwa inachukuliwa kwamba hana kisa. Uhalifu wake hauhitaji kuelezwa. Ni wizi, ni hasira, ni tamaa, basi. Kanuni inaonekana kumlinda mtumishi asishukiwe, kumbe inamnyima kitu ambacho utanzu huu humpa kila mtu mwingine, yaani maisha ya siri.

Maisha ya Ekai yalikuwa na siri, au angalau yalikuwa na mgogoro. Hakunyongwa, kwa kuwa ilionekana kwamba huenda hakuwa ametimiza umri wa utu uzima wakati wa tukio. Aliwekwa gerezani kwa amri ya Rais, bila kikomo kilichotajwa. Alidai kwamba ungamo lake la mwanzo lilitolewa kwa mateso. Mwaka 2004, akiwa bado kifungoni, aliwaeleza waandishi wa habari kisa tofauti: kwamba kulikuwa na ugomvi wa mshahara, na kwamba Joy Adamson ndiye aliyemfyatulia risasi kwanza. Hayo ni maneno yake peke yake, wala hayakuthibitishwa na mahakama, na mhakiki hana mamlaka ya kuyaamini kuliko hukumu. Lakini mhakiki anaweza kuuliza ni umbo gani la filamu lingeweza kuyabeba. Born Free haliwezi. Wala haliwezi To Walk with Lions ya mwaka 1999, inayosimulia miaka ya mwisho ya George Adamson huko Kora hadi alipouawa mwezi Agosti 1989. Filamu hiyo ina giza zaidi kuliko ile ya 1966, na Richard Harris anamcheza mzee aliyechoka bila kumpamba. Ila hatari yake inatoka nje, kwa majambazi na majangili, ambao wanafika kama mvua inavyofika. Hakuna wa kupelelezwa.

Kisa cha Shaba hakiko peke yake. Mwezi Septemba 1988 Mwingereza Julie Ward aliuawa Maasai Mara, na miongoni mwa majibu ya mwanzo ya wakuu lilikuwamo lile kwamba ameliwa na wanyama. Baba yake alikataa. Grace Musila, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu kifo hicho, anaonyesha jinsi kauli za serikali, za Waingereza na za uvumi wa mitaani zilivyoshindana, na jinsi uvumi ulivyokuwa mara nyingine na maarifa ambayo kauli rasmi hazikuwa nayo. Wakenya walikuwa na uzoefu wa kutosha wa kutoamini jibu la kwanza. Robert Ouko alipokufa mwezi Februari 1990, palitajwa kujiua kwa mtu ambaye mwili wake ulikuwa na risasi na umechomwa. Katika nchi ambamo jibu rasmi nalo huwa mshukiwa, filamu ya fumbo ilikuwa na rutuba ya kupita kiasi. Ajabu ni kwamba sinema ya Kenya ilipoanza kuchanua ilielekea kwingine. Nairobi Half Life ya David Gitonga (2012), iliyo bora miongoni mwa filamu zetu za uhalifu, inamfuata kijana wa mashambani hadi ndani ya genge la Nairobi. Mtazamaji anajua kila mara nani amefanya nini. Swali lake ni kama kijana atatoka humo akiwa mzima. Hiyo ni filamu ya uhalifu, si ya fumbo.

Aliyelichukua fumbo ni mgeni. The Constant Gardener ya Fernando Meirelles (2005), iliyotokana na riwaya ya John le Carré, inaanza na mwanamke Mwingereza aliyeuawa kaskazini mwa Kenya, karibu na Ziwa Turkana. Jibu la kwanza lipo tayari hapa pia, ila si simba: ni daktari mweusi aliyesafiri naye, Arnold Bluhm, ambaye ametoweka na anayedhaniwa kuwa mpenzi wake na mwuaji wake. Mume wa marehemu anapochunguza anagundua kwamba daktari naye ameuawa, na kwa ukatili zaidi, na kwamba nyuma ya vifo hivyo iko kampuni ya dawa inayojaribu dawa yake kwa wagonjwa wa Kenya. Kwa kigezo cha makala haya, filamu hii imepiga hatua kubwa. Imelitaja jibu la kwanza kuwa ni jibu la ubaguzi, na imelibomoa mbele ya macho ya mtazamaji.

Lakini kigezo cha pili kinabaki. Katika filamu hiyohiyo yumo msichana aitwaye Wanza Kilulu, anayekufa hospitalini baada ya kupewa dawa hiyo, na ambaye kumbukumbu zake zinafutwa. Jina lake ni la Kikamba, la majirani wa Embu ng'ambo ya Mto Tana. Kifo chake ndicho chanzo cha mengine yote. Bila Wanza hakuna siri ya kulindwa, na bila siri Tessa Quayle hauawi. Katika msuko, hata hivyo, Wanza ni dalili. Anapelelezwa ili kifo cha mwingine kieleweke. Filamu inajua hivyo, na inaona haya kidogo, maana inamrudia kaka yake Kioko kwa huruma. Lakini haibadilishi mpangilio. Kutoka mwanamke wa mtoni hadi Wanza Kilulu ni miaka 39, na safari yote hiyo imemfikisha mwanamke Mwafrika kutoka kuwa maiti asiye na jina hadi kuwa maiti mwenye jina na faili lililopotea.

Je, umbo jingine linawezekana? Shaba, Meru na Embu zilikuwa chini ya Mkoa mmoja wa Mashariki, ambao makao yake makuu yalikuwa Embu hadi mfumo wa kaunti ulipoanza mwaka 2013. Katika eneo hilo utafutaji wa ukweli uliofichika una historia ndefu kuliko polisi. Wameru wanakijua kiapo cha nthenge, yaani cha beberu, ambacho wazee wa Njuri Ncheke wamekitumia hadi katika mashauri ya ardhi ya miaka ya karibuni: pande zinazobishana zinaapa juu ya mnyama anayeuawa, kwamba anayesema uongo apatwe na yaliyompata mnyama huyo. Miongoni mwa Waembu na Wambeere pia kiapo kimekuwa na nafasi kubwa penye mgogoro usio na shahidi. Baada ya kiapo watu hungoja. Muda ndio unaopeleleza.

Si kusudi la makala haya kudai kwamba kiapo ni bora kuliko uchunguzi wa maiti. Uchunguzi wa majeraha ndio uliomwokoa simba wa Shaba, na kiapo kinaweza kumtesa asiye na hatia kwa hofu tu. Kinachohusu uhakiki ni usimulizi. Katika kisa cha kiapo hakuna mpelelezi mmoja anayejua zaidi ya wengine na anayewakusanya sebuleni ili awaeleze. Kila mtu aliyekuwapo anakuwa na neno, kila mtu anakuwa mshukiwa kwa kiwango kilekile, na tajiri anaapa kama mchunga mbuzi. Taharuki haitokani na kufichwa kwa dalili. Inatokana na kila mwezi unaopita bila mtu kuugua, na kila homa ya kawaida inayoanza kusomwa kama ushahidi. Rashomon lilikaribia umbo hilo, kwa kuziweka shuhuda bega kwa bega. Kinachokosekana katika Rashomon ni kungoja.

Filamu ya aina hiyo juu ya Shaba isingeanza na mwili njiani. Ingeanza na kambi: nani analipwa kiasi gani, nani anachota maji, nani anampelekea chui Penny nyama, nani amefukuzwa na kwa kosa gani, nani anadai nini. Joy Adamson mwenyewe angekuwa na nafasi pana kuliko aliyowahi kupewa. Huyu ni mwanamke aliyekwisha kuchora mamia ya picha za watu wa makabila ya Kenya kabla ya kumpata Elsa, akiwaketisha mbele yake mmoja mmoja na kuzitazama nyuso zao kwa saa nyingi. Aliyeketishwa alionyeshwa kwa mavazi na mapambo ya kabila lake. Mwandishi wa hati ya filamu angepata hapo tukio lake la kwanza: mchoraji, mchorwa, na ukimya kati yao, kila mmoja akimsoma mwenzake.

Kisha mto. Mwanamke anafua. Hati ya mwaka 1966 ilimhitaji kwa dakika chache tu. Katika hati mpya jirani zake wangemwita kwa jina kutoka ukingoni, na usiku ule ambapo hakurudi nyumbani, mtu angeshika taa na kwenda kumtafuta kabla ya yeyote kumtaja simba.